Ndiyo ya Fundi Dawud

Kila asubuhi, kabla mashine hazijaanza kunguruma, Fundi Dawud aliketi juu ya gogo. Alishika tupa, akanoa meno ya msumeno, jino moja baada ya jingine. Msumeno ule wa kiwanda cha mbao cha Naro Moru ulikuwa na meno mengi kuliko wazee wote wa mji. Dawud aliyajua yote.

Alizaliwa Moshi, ng'ambo ya mpaka. Alikuja akiwa kijana, akamwoa Zabibu, mzaliwa wa Nyeri, wakapata binti, Subira. Miaka kumi na mitatu ilipita. Kisha, mwaka 1974, meneja wake akamwombea kibali cha kukaa nchini siku zote, kwa sababu ya ufundi wake. Barua ikarudi: Dawud afike Nyeri Jumanne, ahojiwe.

"Wakikukatalia?" Zabibu aliuliza wakila.

"Nitaondoka mwisho wa mwezi."

"Na sisi?"

Dawud aliisogeza sahani kando.

Gicheru, dereva wa lori la mbao, alikuwa na jibu kesho yake kiwandani. Gicheru hakukosa jibu hata siku moja.

"Ati unaogopa? Waambie wewe ni injinia! Na ile miezi saba uliacha kazi, nyamaza. Nani ataenda Moshi kuuliza?"

Miezi hiyo saba Dawud alimuuguza mama yake huko Moshi, hata akamzika. Halafu meneja akamwandika kazi upya.

Jumamosi, Watiri alikuja kumwona mama yake, jirani yao. Watiri alikuwa mkalimani wa mahakama mjini Nyeri. Zabibu alimwita. Watiri aliketi, akavaa miwani, na papo hapo akawa serikali.

"Mzee, hujawahi kufungwa jela?"

"Ndiyo," Dawud alijibu kwa adabu.

Subira aliangua kicheko. "Baba! Ulifungwa lini?"

"Sijafungwa! Nimesema ndiyo, yaani ni kweli, sijafungwa."

Watiri hakucheka. "Baba Subira, mimi nimeona watu wakiumia kwa hiyo ndiyo. Wewe unasema ndiyo, sijafungwa. Ofisa anaandika kwa Kiingereza. Yeye anaandika ndiyo, alifungwa. Usijibu ndiyo tupu. Jibu kwa sentensi nzima. Sema: Sijawahi kufungwa."

"Sijawahi kufungwa," Dawud alisema.

"Swali usipolielewa, omba lirudiwe. Usikisie. Na uko na karatasi gani?"

Dawud alileta pasipoti, cheti cha ndoa na barua ya meneja. Watiri aliisoma barua, akakunja uso.

"Hapa wameandika kibarua. Wewe ni kibarua?"

"Mimi ni fundi wa misumeno."

"Basi Jumatatu rudi kwa meneja, aandike kazi yako hasa, na tarehe zote."

"Hata ile miezi saba?"

"Hasa hiyo. Barua ikisema hivi na mdomo useme vile, ofisa ataamini nini?"

Jumanne, Dawud alifika Nyeri kabla ya mlango wa ofisi kufunguliwa. Ofisa alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na uso wa mazishi.

"Kazi yako?"

Dawud alikumbuka neno injinia. Lilimfika kooni. Akalimeza.

"Ninanoa misumeno, bwana. Msumeno butu hulia kama mbuzi. Nikiusikia, naagiza mashine zizimwe, maana unaweza kukatika na kuua mtu."

Ofisa aliandika. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Tangu uanze, hujawahi kuacha kazi?"

Ndiyo ilikuwa tayari ulimini. Dawud akakumbuka sentensi nzima.

"Niliwahi kuacha, bwana. Miezi saba. Mama alikuwa mgonjwa. Nilimzika, nikarudi."

Ofisa alifungua barua mpya ya meneja. Alifuatisha tarehe kwa kidole, moja moja, kama mtu anayehesabu meno ya msumeno.

"Ndivyo ilivyoandikwa," alisema. "Pole kwa msiba. Utapata jibu kwa posta."

Wiki tano walingoja. Zabibu hakuimba tena akifua. Subira aliacha kumtania baba yake, na hilo lilimtisha Dawud kuliko ofisa.

Siku moja alirudi kutoka posta akikimbia, bahasha mkononi, pumzi imemwisha. Zabibu alimwona ana machozi.

"Baba Subira! Hukupata?"

"Ndiyo!" Dawud alisema.

Zabibu aliketi chini, mikono kichwani, akaanza kulia. Subira naye akalia. Majirani walitoka. Gicheru alisimamisha lori, akavua kofia.

"Mnalilia nini?" Dawud aliuliza, ameduwaa. Kisha akaelewa: katika swali la Zabibu alisikia kupata tu. Akasimama wima, kama mbele ya ofisa, akasema kwa sauti iliyofika hadi kiwandani:

"Mimi, Dawud, nimepata kibali cha kukaa hapa siku zote!"

Zabibu alifuta machozi kwa kanga. "Ungeanza na hiyo," alisema.