Kimeng'enya Kilichozibwa Mdomo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lidia alitumbukiza mkono kwenye pipa la kahawa iliyomenywa na kuzisugua punje. Zikiteleza, ziliachwa zichachuke zaidi. Zikikwaruza, zilikuwa tayari kuoshwa. Msimu ule wa mwaka 2003 wanunuzi binafsi walikuwa wakifika na magari yao hadi kijijini, na mama yake, Vitalia, hakutaka kahawa yake ikataliwe.

"Zinakwaruza, mama."

"Basi utelezi umeshaliwa. Osha."

Siku nyingine Lidia angejigamba kwamba anawajua walioula utelezi huo: ni vimeng'enya, protini ndogo mno zinazokatakata vitu. Siku hiyo aliosha kahawa kimya. Tangu Jumanne neno kimeng'enya lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Habari za vimeng'enya alizileta Mwalimu Placidi aliporudi kutoka masomoni. Aliwaambia darasa la saba kwamba ng'ambo kuna wataalamu wanaosuka fremu kwa nyuzi za DNA, zile nyuzi zinazobeba urithi wa kila kiumbe. Fremu hizo ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Juu yake hupachika vimeng'enya, kila kimoja mahali pake, ili cha kwanza kikimaliza kazi, cha pili kipokee. Lidia na rafiki yake Adija walichaguliwa kuunda mfano wa fremu hiyo na kuupeleka Jumamosi kwenye maonyesho ya sayansi huko Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa.

Adija, binti wa Salumu mwenye duka, alitunga mikia ya shanga. Shanga nyekundu ilipangwa na nyeupe tu, ya buluu na ya njano tu, hivyo kila kimeng'enya cha udongo, chenye tundu la mdomo juu, kilikuwa na mkia uliolingana na sehemu moja tu ya fremu. Lidia alisuka fremu kwa mianzi. Aliipanga kwa miraba kama shamba la ngoro, lenye mashimo katikati na matuta pembeni, kama wanavyolima Wamatengo wote wa milimani kwao. Mwalimu alipoiona alicheka kwa furaha.

Kosa lilianzia papo hapo. Jumatatu jioni Adija alikuwa ameshakwenda nyumbani, na kufunga mkia mmoja mmoja kulimchosha Lidia. Akachukua ulimbo. Mkono uliozoea kupanda maharage juu ya tuta ukafanya ulichokizoea: ukavifukia vimeng'enya kwenye matuta ya mianzi, midomo chini, vikanata kisawasawa. Vilipendeza kweli! Tatizo ni kwamba kimeng'enya hula kwa mdomo.

Jumanne mwalimu alileta karatasi ndogo iliyoandikwa SUKARI. Ilitakiwa iingie mdomoni mwa kimeng'enya cha kwanza, itokee ubavuni, iingie cha pili. Haikuingia popote.

"Mbona vimetazama chini?" aliuliza mbele ya darasa.

"Ni mikia, mwalimu," Lidia alijikuta akisema. "Adija aliikosea, ikavigeuza."

Adija alimtazama kwa mshangao. "Niliihesabu mara mbili, mwalimu."

"Ungehesabu mara tatu," mwalimu akasema. "Nafasi yako ataichukua mwenzako Bernadi. Ijumaa ataifungua mikia aitunge upya." Akaufungia mfano kabatini na ufunguo akautia mfukoni.

Lidia akawa amejifungia pamoja nao. Akiomba ufunguo, ataulizwa wa nini. Akinyamaza, Ijumaa Bernadi ataukuta ulimbo. Nyumbani nako mama alikuwa ameshawatangazia wanajumuiya wote kwamba mwanawe anakwenda kuliona ziwa. Kila alikogeuka alikuta amezibiwa njia, na aliyeziziba ni yeye mwenyewe. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu, na ugali ukawa hauna ladha.

Afadhali Adija angemtukana. Hakumtukana. Alihamia tu ncha ya pili ya dawati.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, alimjia na kanga iliyokunjwa vizuri.

"Utakapofika Mbamba Bay, mpelekee bibi yangu, Bibi Rukaiya. Anaumwa miguu, hawezi kupanda huku. Alijua nakwenda mimi. Mwambie nitakuja siku nyingine."

Lidia aliipokea kanga. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Kabla kengele haijalia alikuwa mlangoni mwa ofisi ya walimu, kanga kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Lidia. Mbona unalia?"

"Mikia ya Adija haina kosa. Mimi sikuifunga. Nilivigandisha kwa ulimbo, midomo chini, halafu nikamsingizia."

Mwalimu Placidi aliinuka. Alimwita Adija, akafungua kabati na kuuinua mfano. Mikia yote ilikuwa ikining'inia, shanga zake zimepangwa bila kosa hata moja.

"Nisamehe, Adija," mwalimu alisema. "Nilikuhukumu bila kuangalia."

Kisha akamtuma Lidia mafuta ya taa. Mchana kutwa Lidia alilainisha ulimbo kwa kitambaa na kubandua kimeng'enya kimoja kimoja, Adija akifunga mikia. Jioni karatasi ya SUKARI iliingia kwenye mdomo wa kwanza, ikatokea, ikaingia wa pili.

"Jumamosi watakwenda Adija na Bernadi," mwalimu alisema. "Lidia, wewe utabaki."

"Ndiyo, mwalimu." Iliuma, lakini kifua kilikuwa chepesi. Akamrudishia Adija kanga. "Mpelekee mwenyewe."

Adija aliipokea. "Nitamwambia bibi kwamba fremu ni yako," alisema.

Mwalimu Placidi alikigusa kimeng'enya kimoja, kikabembea kwenye mkia wake.

"Kiangalie hiki, Lidia. Juzi kilikuwa mahali pake, kimeshikiliwa imara, tena kinapendeza. Lakini hakikuwa na faida kwa kuwa mdomo wake ulizibwa. Nawe umekaa hivyo siku tatu. Ukikosea, mwanangu, usiache uongo uuzibe mdomo wako. Sema mapema, ulimbo ukiwa bado mbichi."