Pembe Nne za Nyumba ya Ngusa

Dorika alikuwa akimenya viazi vitamu nje ya nyumba yao ya msonge, karibu na Ushirombo. Mumewe, Ngusa, alikuwa akifunga kamba kwenye vigingi ili kuchora msingi wa nyumba ya bati. Masika iliyopita paa la nyasi lilivuja, na mtoto wao Lusia akaugua kifua. Dorika hakutaka mvua nyingine iwakute humo.

Kwa misonge, Ngusa humwambii kitu. Lakini nyumba ya pembe nne hakuwahi kujenga.

"Mbona imelala upande?" Dorika aliuliza.

"Imelala wapi? Urefu huu na ule sawa. Upana huu na ule sawa. Unataka nini tena?"

Roho ya Dorika haikutulia. Akamwita jirani yao, Mwalimu Paskalina.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Lusia."

Paskalina aliweka kipimapembe pale kamba mbili zinapokutana.

"Nyuzi 80," alisema. "Pembe ya nyumba inatakiwa iwe 90. Baba Lusia, umbo la pande nne, jumla ya pembe zake ni nyuzi 360. Hapa pande zinazotazamana ni sawa, kwa hiyo na pembe zinazotazamana ni sawa. Ile ya kule nayo ni 80. Mbili zilizobaki je?"

Dorika akawahi. "80 na 80 ni 160. Toa kwenye 360, inabaki 200. Gawa kwa mbili. Kila moja 100!"

Wakapima. Kweli, 100.

"Ehee! Mke wangu kanishinda," Ngusa alisema, akicheka kwa aibu. "Ningejenga hivi?"

"Bati zingekaa mshazari," Paskalina alijibu. "Mvua ingepita pembeni."

Waliacha vigingi viwili vya mbele. Vya nyuma wakavisogeza vyote upande mmoja, kamba zikiwa zimekazwa, mpaka kila pembe ikawa nyuzi 90. Kisha wakapima kutoka kona hadi kona, huku na huku. Vipimo vikalingana.

"Hapo sasa," alisema Paskalina. "Chimbeni."

Nyumba ilipokamilika, bati zilikaa barabara. Mvua ya kwanza ilipiga usiku kucha, na Lusia hakukohoa. Dorika alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Asubuhi Ngusa alimkuta kaka yake Jilala akianza kuchimba msingi wake.

"Shikamoo, kaka. Weka jembe chini kwanza."

"Kwa nini? Pande zote nimepima."

"Najua," alisema Ngusa. "Na pembe je?"