Baba wa Kwenye Daftari la Dada

Kila asubuhi kabla ya shule, Kifutio alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kukunja nguo ambazo mama yake, dobi, alikwisha kuzipiga pasi, na kukariri vitenzi vya Kifaransa. Jina la Kifutio alipewa na wenzake wa darasa la saba, kwa kuwa daftari la msichana huyu lilikuwa na matundu mengi kuliko maandishi. Mvivu hakuwa. Alikosea, akafuta, akakosea tena palepale.

Vitenzi vilivyomtesa ni vile vya kusimulia mambo ya zamani yaliyokuwa yakifanyika kila mara. Kanuni aliijua: unachukua kitenzi cha "sisi", unakikata mkia, unakipachika mkia mwingine. *Parlais, parlais, parlait*: nilikuwa nikisema, ulikuwa ukisema, alikuwa akisema. Mikia hiyo huandikwa mbalimbali, lakini ukiitamka yote husikika "e" tu. Mama alimwuliza, huku akipuliza makaa ya pasi, kwa nini analia kama mbuzi. Kifutio hakucheka. Ijumaa kulikuwa na mtihani wa kusimama mbele ya mwalimu na kusimulia utoto wako, na asiyefikisha alama kumi kati ya ishirini angerudia darasa.

Siku tano kabla ya mtihani, alifungua sanduku la dada yake. Dada alimzidi miaka saba na sasa aliuza dawa katika duka la dawa. Chini ya nguo zake alihifadhi daftari la zamani lenye insha iliyopata alama kumi na nane, nayo ilimhusu baba yao, fundi seremala. Kifutio alilichukua kimyakimya, akaikariri insha neno kwa neno, akijifungia chooni mpaka majirani wakagonga mlango.

Mwanzoni alitaka alama tu. Lakini kadiri alivyokariri, ndivyo alivyoipenda insha yenyewe. Baba alifariki Kifutio hajaota hata jino moja. Kumbe baba huyo alikuwa akimbeba mtoto mabegani kila asubuhi hadi karakana! Kumbe alikuwa akibana misumari midomoni na kuimba kwa pua, kwa sababu kinywa kilikuwa na kazi! Kifutio aliyasema yale kwa Kifaransa mpaka akaanza kujiona yeye ndiye aliyekuwa juu ya mabega.

Ijumaa alisimama, darasa zima likisikiliza, mbele ya mwalimu, ambaye wanafunzi wote walimwita Madamu.

"*Mon père me portait sur ses épaules,*" alianza. Baba yangu alikuwa akinibeba mabegani. Hakukosea hata neno moja. Madamu aliweka kalamu chini, akamwuliza kwa Kifaransa alikuwa na umri gani wakati huo. Kifutio akajibu kama daftari lilivyosema: miaka sita.

Madamu alisema kwa Kiswahili, taratibu, "Siku ya mazishi ya baba yako nilikuwepo. Wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako. Na insha hii niliisahihisha mimi, miaka saba iliyopita."

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Kifutio haikumfikisha hata kwenye dawati lake. Alipewa sifuri.

Nyumbani alieleza kila kitu, maana barua ya shule ilikuwa mkononi. Alitegemea matusi. Dada hakutukana. Alikaa kitandani, daftari mapajani, akatazama ukuta.

"Picha yake sina," alisema. "Sina kitu chochote cha baba isipokuwa ukurasa huu. Nawe umekwenda kuusema kama wako."

"Mimi sina hata huo ukurasa," Kifutio alijibu, akaanza kulia.

Hakuna aliyembembeleza. Mama aliendelea kupiga pasi shati la mteja mpaka likanyooka, akalitundika, ndipo akasema, "Mwanangu, nguo nzuri za watu hupita mikononi mwangu kila siku, na sijavaa hata moja. Si kwamba sizitamani. Nguo ya kuazima haisitiri makalio. Jumatatu nenda ukamwombe mwalimu radhi. Dada yako mwombe sasa hivi."

Kifutio aliomba radhi. Dada aliitikia kwa kichwa tu, akarudisha daftari sandukuni. Safari hii alifunga kwa kufuli.

Jumatatu Madamu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba sifuri haifutiki na darasa atalirudia. Kisha akamsogezea karatasi tupu. Hakukuwa na alama yoyote ya kupata, lakini alimtaka aandike juu ya baba yake, yeye mwenyewe, kwa vitenzi vilevile.

Kifutio alichukua kalamu. Mabega hakuyajua, sauti hakuijua. Mwishowe aliandika mistari miwili:

*Je ne connaissais pas mon père. Ma sœur le connaissait.*

Baba yangu nilikuwa simjui. Dada yangu alikuwa akimjua.

Madamu aliisoma, akavua miwani. "Hakuna kosa," alisema. "Sikiliza, binti yangu. Ulidhani kwamba kwa kuwa huna cha kusimulia, huna budi kuiba. Mtu asiye na kitu aseme sina. Inauma, lakini ni yako, na hakuna atakayekunyang'anya. Uongo ulikupa baba kwa dakika tano tu, halafu ukafiwa naye mara ya pili, mbele ya darasa zima."

Kifutio aliitikia, "Ndiyo, Madamu," akaikunja karatasi, akarudi kwenye darasa ambamo angekaa tena mwaka mzima.