Goti Jipya Linataka Kazi

Seremala na mkewe wanafanya kazi nyumba moja. Mume anapiga randa uani. Mke anashona ndani, kwa cherehani ya kukanyaga. Lakini goti lake la kulia lililika, likamtesa miaka, mpaka kukanyaga kukamshinda. Ndipo akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na goti jipya. Furaha iliyoje!

Seremala hakutulia. Alimtengenezea mkewe kibao cha mteremko, akakivika sponji nene. Kilikaa chini ya goti, mguu ukabaki umekunjika kidogo, na maumivu yakapoa.

"Tulia hapo hapo, Mama Watoto. Usinyanyue hata kijiko!"

"Leo nimekuwa malkia," mkewe alicheka.

Siku zikapita. Mguu ukakataa kunyooka, na kuukunja zaidi kukawa shida. Mshonaji akaingiwa na hofu.

"Baba Watoto, nisipokanyaga tena cherehani, mimi nitakuwa nani?"



Kwa bahati, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja kumtazama mgonjwa. Alipokiona kibao, alishika kiuno.

"Nani kaweka hiki?"

"Mimi, dada. Mbao safi hiyo!"

"Mbao safi, mahali pabaya. Hebu niambie, baba, mlango unamkabidhi mteja bila kuujaribu?"

"Thubutu! Naufungua, naufunga, mpaka bawaba ziende sawasawa."

"Basi na daktari alifanya hivyo. Alikata sehemu zilizolika, akaivisha mifupa chuma, akaweka plastiki ngumu katikati. Kabla ya kushona, aliukunja mguu, akaunyosha, akakagua kano za pande zote zisikaze wala zisilegee. Mguu ulikwenda vizuri. Lakini ndani kovu linajijenga, na goti lisipofanya kazi, linakakamaa."

"Kumbe nimeupigilia misumari mlango wa mke wangu!"

"Bado mapema, utafunguka."

Alikihamisha kibao chini ya kisigino kwa muda mfupi. Goti likabaki hewani.

"Kaza paja, mama. Sukuma goti chini. Sasa buruta kisigino kuelekea makalio. Rudia kidogo kidogo, mara nyingi kila siku."

"Uwii! Linauma!"

"Litauma kiasi. Meza dawa ulizopewa kabla ya mazoezi, halafu weka barafu ndani ya kitambaa. Ila ukipata homa, kidonda kikitoa usaha, shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, kimbilieni hospitali."

Tangu hapo seremala akageuka msimamizi. Kila siku alipiga magoti kando ya kitanda, akashika kisigino cha mkewe na kumhimiza. Mkewe alifoka, akalia, akacheka, akaendelea. Mguu ukanyooka. Kukunja nako kukaongezeka.

Asubuhi moja seremala alisikia mlio ndani. Alitupa randa, akakimbia. Mkewe alikuwa ameketi, miguu yote miwili juu ya kanyagio, sindano inakwenda mbio!

"Unashona nini?"

"Natia viraka suruali yako. Umeitoboa magotini kwa ajili yangu."

Seremala alilia kwa furaha, wala hakujificha.