Mkasi Usiofunguka

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kaidi alikuwa na kazi moja ambayo hakuhitaji kukumbushwa: kuosha vyombo vya kukatia kuku. Jiko la shangazi yake lilikuwa nyuma ya kituo cha afya, na humo ndimo kilimopikwa chakula cha mchana cha wagonjwa waliolazwa. Siku ya kuku, shangazi alisimama mbele ya meza ya bati tangu saa kumi na mbili, mkasi mkononi, akipasua migongo ya kuku kana kwamba anakata karatasi.

Kaidi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na shangazi huyohuyo alipokuwa na umri wa miaka sita, siku alipoapa kwamba hakugusa sukari, ilhali chembe za sukari zilikuwa zimemganda kidevuni. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na wimbo wake ulikuwa uleule. Kikombe kikivunjika, “Si mimi.” Mlango ukiachwa wazi, “Si mimi.” Alilisema neno hilo huku ameinua kidevu, akimtazama mtu usoni bila kupepesa, hata wengine wakaanza kujishuku wenyewe.

Jumanne moja, saa moja kasorobo asubuhi, afisa wa afya aliingia jikoni bila taarifa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, mwenye kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne katika mfuko wa shati. Watu wote walimwita Bwana Afya. Alifunua ndoo, akanusa ubao wa kukatia, akapitisha kidole kwenye rafu. Kila alipopita alitikisa kichwa kwa kuridhika, na shangazi akazidi kunyoosha mgongo.

Kisha akauchukua mkasi. Aliufungua, akachomeka kijiti cha meno pale katikati, mahali ambapo mabapa mawili hukutana. Kijiti kilipotoka, kilikuwa kimebeba uchafu mweusi, mzito kama grisi. Bwana Afya aliunusa, uso wake ukakunjamana.

“Hiki ni nini, mama?”

Shangazi aliinama kukitazama kijiti.

“Ni mafuta na nyama ya kuku wa wiki nyingi zilizopita,” Bwana Afya akajijibu mwenyewe. “Vimeozea humu ndani. Kila unapokata kuku mpya, unampaka uozo wa zamani. Na hawa unaowapikia si watu wenye nguvu, ni wagonjwa. Nitarudi Ijumaa saa moja asubuhi. Nikikuta mkasi wa namna hii, jiko hili litafungwa, na kazi atapewa mwingine.”

Alipoondoka, shangazi aliugeuzageuza mkasi kwenye mwanga wa dirisha. Pini ya katikati ilikuwa imebondeka, bapa kama sarafu iliyokanyagwa na gari.

“Nani amegonga hapa?” aliuliza.

Kaidi alilijua jibu. Miezi mitatu nyuma, alipokuwa akiusugua mkasi huo ukiwa mpya, aliufungua hadi mwisho, na tah! ukaachana vipande viwili mikononi mwake. Alidhani ameuvunja. Badala ya kusema, aliufunga ndani ya karatasi za daftari la zamani, akakimbilia kwa fundi baiskeli wa ng’ambo ya barabara. Fundi aliviunganisha vile vipande, akaigonga pini kwa nyundo mpaka ikatanuka, kisha akajisifu, “Nikigonga mimi, hakifunguki hadi kiama!” Na kweli, ulikata tu, haukufunguka tena kuwa vipande viwili. Tangu siku ile maji hayakupata njia ya kuingia kwenye kiungo.

“Nakuuliza wewe,” shangazi alisema.

Kidevu kikapanda. “Si mimi. Tuliuziwa takataka, Shangazi. Yule Bi Chuma ni mwongo.”

Maneno ni kama maji; yakishamwagika hayazoleki. Jioni, mara tu Kaidi alipotoka shule, shangazi alijifunga kitambaa kichwani kama mtu aendaye vitani, akamshika mkono, wakaelekea sokoni.

Bi Chuma aliuza sufuria, visu, vichujio na kila chombo cha jikoni kilichotengenezwa kwa madini, na ndiyo sababu ya jina lake. Duka lake lilikuwa dogo, lakini kila kitu kilining’inia mahali pake. Siku hiyo wateja watatu walikuwa ndani, mmoja akiwa ameshika kichujio cha chai.

“Bi Chuma!” shangazi aliita tokea mlangoni. “Umeniuzia takataka, na sasa jiko langu linataka kufungwa!”

“Shikamoo kwanza haipo leo?” Bi Chuma aliuliza kwa utulivu.

“Shikamoo ya nini kwa mwongo?”

Wapita njia walisimama. Sokoni, ugomvi haulipiwi kiingilio. Bi Chuma aliupokea mkasi, akaupangusa kwa pindo la aproni yake, akauinua watu wauone.

“Mkasi huu ni wa kwangu, sikatai. Lakini haukutoka hapa ukiwa hivi. Tazameni, hizi ni alama za nyundo.”

“Kwa hiyo nimeugonga mimi?” shangazi alifoka. “Katika nyumba yangu hakuna nyundo!”

Mwanamke mwenye kichujio alikirudisha taratibu kwenye msumari. “Twende zetu, mwenzangu,” alimwambia rafiki yake. “Tusije tukanywa chai yenye kutu.” Wote wawili wakatoka.

Bi Chuma aliwatazama wakienda. “Miaka ishirini nimesimama hapa,” alisema. “Nimeitwa mkali, nimeitwa mchoyo wa bei. Mwongo sijaitwa mpaka leo.” Neno la mwisho lilitoka dogo, kama limepita katika tundu la sindano.

Kaidi alijiandaa kuinua kidevu. Kikakataa. Alijua kutazamana na mtu aliyemkasirikia. Hakujua kutazamana na mtu aliyeumizwa bure. Kisha, ndani yake, ubishi wake wa siku zote ukamgeukia yeye mwenyewe. Utaogopa mpaka lini? ukamuuliza. Wewe ni kaidi au ni mwoga tu mwenye kidevu kirefu?

“Ni mimi!” alisema kwa sauti kubwa.

Shangazi aligeuka polepole. “Umesema nini?”

“Nimesema ni mimi! Mkasi uliachana mikononi mwangu, nikadhani nimeuvunja. Nikaupeleka kwa fundi baiskeli, akaugonga. Bi Chuma hakusema uongo. Mimi ndiye niliyesema. Na yule mama wa kichujio arudi akichukue, maana hapa hapauzwi takataka!”

Kisha mzee mmoja aliyebeba jogoo kwapani akasema, “Lo! Mtoto huyu anaungama kama mtu anayegombana!” Watu wakaangua kicheko, hata jogoo akapiga kelele.

Bi Chuma hakucheka, ila mabega yake yalishuka. “Mwanangu, hukuuvunja. Mkasi huu umeundwa uachane, ili uoshwe kila kipande peke yake. Nilimweleza mama yako huyu siku aliponunua. Unakumbuka ulinijibu nini, mama?”

Shangazi alijifanya kutazama masufuria.

“Uliniambia, ‘Nilikata kuku kabla hujaanza kuuza vijiko,’ ukaenda zako bila kunisikiliza.”

Sasa kicheko kilimwangukia shangazi. Kwa aibu alinyakua mkasi wa kwanza uliokuwa karibu, wenye vishikio vya rangi ya dhahabu, unaong’aa kama pete ya bibi harusi. “Nifungie huu, twende.”

“Huo usinunue, Shangazi,” Kaidi alisema.

“Wewe! Bado una mdomo?”

“Ninao. Niadhibu tukifika nyumbani, sitalia. Lakini huo usinunue kabla hatujaujaribu. Mwenye kuosha ni mimi, na wenye kula ni wagonjwa.”

Alisimama mlangoni, miguu ameitanua, mikono kiunoni. Asingepita mtu. Shangazi alimkazia macho. Kaidi naye akamkazia. Shangazi akauweka mkasi juu ya meza. “Haya, hakimu. Jaribu.”

Kaidi alikimbia hadi kwa muuza kuku wa jirani, akarudi na kuku mmoja aliyechinjwa na kunyonyolewa, ambaye shangazi angemhitaji hata hivyo. Wakamlaza juu ya sinia. Shangazi alishika mkasi wa dhahabu, akaukaza penye mbavu. Mabapa yalikwepana ubavuni kama watu wasiopatana, ngozi ikajikunja katikati yake, na ubavu ukabaki mzima. Alipoachia, rangi ya dhahabu ilikuwa imebaki kiganjani mwake pamoja na mafuta.

“Huu ni wa kukatia utepe kwenye zawadi,” Bi Chuma alikiri. “Ningekueleza kama ungeuliza. Wewe ulinyakua.”

Akashusha mkasi mwingine, wenye vishikio vyeusi na mabapa manene. Kaidi hakuupokea kimyakimya. Aliuelekeza kwenye mwanga na kuufunga, aone kama makali yanagusana hadi nchani. Yaligusana. Aliuliza kwa nini bapa moja lilikuwa na vimeno vidogo. Ili nyama isiteleze, akajibiwa. Aliuliza kama chuma kiliishia mwanzo wa kishikio au kilipita hadi ndani yake, na kama kingeshika kutu.

“Chuma kinapita hadi mwisho, na hakishiki kutu ukikikausha,” Bi Chuma alijibu. “Jamani, nimewahi kuhojiwa na polisi, lakini si hivi.”

“Bado,” Kaidi alisema. Alipaka mafuta ya kuku viganjani, akaushika. Haukuteleza.

Shangazi aliupokea. Krach, mbavu zikakatika. Krach, mgongo ukapasuka moja kwa moja. Kaidi alipouchukua na kutaka kuuweka kwenye mfupa mnene wa paja, shangazi alimzuia. “Hapana. Hata mkasi mzuri haulazimishwi. Tafuta kiungo, upitishe hapo.” Ilikuwa mara ya kwanza jioni hiyo kusema kwa sauti yake ya kawaida.

Mwishowe Kaidi aliufungua mkasi hadi mwisho. Tah! Ukaachana vipande viwili. Sauti ileile iliyomkimbiza kwa fundi miezi mitatu iliyopita, sasa ilimfanya atabasamu.

“Huu,” alisema.

Shangazi aliulipia bila kubishana bei, jambo lililolishangaza soko zima. Kisha akasimama wima mbele ya wale waliokuwa wakimcheka. “Bi Chuma, nimekukosea mbele za watu, nami nakuomba radhi mbele za watu. Shikamoo.”

“Marahaba,” Bi Chuma alijibu. “Na siku nyingine nikikueleza jambo, sikiliza kwanza.”

Mlangoni walipishana na yule mwanamke wa kichujio. Alikuwa amerudi.

Ijumaa, saa moja kamili asubuhi, Bwana Afya aliingia na kitambaa chake cheupe. Aliupokea mkasi mpya, akauvuta huku na huku, uso ukianza kukunjamana.

“Samahani, Bwana,” Kaidi alisema. “Huo haulazimishwi.” Akaufungua hadi mwisho, akamkabidhi kipande kimoja kila mkono.

Bwana Afya alipitisha kitambaa kwenye kiungo, juu na chini. Kitambaa kilitoka cheupe vilevile. Alikikunja mara nne, akakirudisha mfukoni, akasema jiko litaendelea kupika. Kisha akauliza, “Nani aliyechagua mkasi huu?”

“Si m...” Kaidi alianza, kwa mazoea. Akajikatiza. Kidevu kikapanda, juu kuliko siku zote. “Ni mimi.”

Bwana Afya alipoondoka, shangazi alivuta kigoda, akaketi.

“Sikiliza,” alisema. “Adhabu yako ipo palepale. Masufuria makubwa yote ni yako kwa mwezi mzima, na leo jioni utakwenda kwa fundi baiskeli umweleze alichogonga. Lakini ujue unaadhibiwa kwa lipi. Mkasi ulipoachana mikononi mwako, hukuwa na kosa lolote. Ungelisema siku ile, tungelicheka. Wewe ukalificha jambo, ukalipiga nyundo lisifunguke, likaozea ndani miezi mitatu, na ilibaki kidogo tu liwadhuru watu wasiokukosea lolote. Mtu ni kama mkasi huu, mwanangu. Asiyefunguka haoshwi, na asiyeoshwa hunuka, hata awe anang’aa namna gani.”

“Kwa hiyo niache ukaidi?”

“Nani amesema? Ulipozuia mlango pale dukani ukanikataza kununua upuuzi, ulikuwa mkaidi, na ukawaokoa wagonjwa. Kuwa mkaidi upande wa kweli. Upande wa uongo, ukaidi ni woga uliovaa kofia.”

Kaidi alifikiri kidogo. “Na yule aliyesema, ‘Nilikata kuku kabla hujaanza kuuza vijiko’?”

Shangazi alifungua kinywa kukemea. Badala yake kicheko kikamponyoka, kikamtikisa mpaka kigoda kikalia.

“Ni mimi,” alisema akifuta machozi. “Haya, ni mimi. Sasa ondoka hapa, masufuria yanakungoja.”