Aliyegusa Picha

Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, Dada na mdogo wake walikaa mkekani na kishikwambi cha shule. Mdogo wake alikuwa na miaka tisa, lakini nyumba nzima ilimwita Bibi, maana alitembea polepole, mikono nyuma, kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Akili yake ilichelewa kushika mambo. Ndiyo maana mwalimu wa darasa lake maalumu alimpa masomo ya picha na sauti: jiko linawaka, sauti inauliza, "Sufuria ya moto unaishika kwa kutumia nini?" Mtoto anagusa mkono mtupu au kitambaa. Akipatia, kishikwambi kinapiga makofi.

Tatizo, Bibi aliweza kukodolea macho picha moja mpaka chai ikapoa. Nje, wenzake Dada walikuwa wanaruka kamba na kumwita. Basi Dada akawa anagusa yeye, chapuchapu, na Bibi anashangilia makofi yasiyo yake. Wiki ya tatu rekodi ya kishikwambi ilionyesha kwamba Bibi amefaulu hatua zote.

Siku ya kupika uji darasani, mwalimu alimruhusu Bibi aipue sufuria. Bibi akaikamata kwa mikono mitupu. Ngozi ya viganja ilibanduka, na kilio chake kilifika hadi barabarani.

Jioni mwalimu alikuja kumjulia hali. "Hatarudi kwako!" Mama alifoka. "Mtoto kama huyu unampaje moto?"

"Rekodi ilisema anajua, mama," mwalimu alijibu kwa sauti ndogo. "Nisamehe."

Dada alitamani ardhi ipasuke immeze. Akinyamaza, Bibi ataachishwa shule na mwalimu atabeba lawama.

"Ni mimi," alisema huku analia. "Nilikuwa namjibia. Nilitaka kwenda kucheza."

Mama alimtazama mpaka machozi yakamtoka na yeye. "Basi atarudi," alisema mwishowe. "Na wewe utakaa naye mpaka aelewe."

Vidonda vilipoanza kukauka, mwalimu alifungua tena somo la jiko, Dada akiwa kando. Bibi akagusa mkono mtupu. Dada akataka kumsahihisha.

"Mwache," mwalimu akasema.

Bibi aliitazama bendeji yake, akatazama tena picha, halafu akagusa kitambaa.

"Hili amelijua kwa maumivu," mwalimu alimwambia Dada taratibu. "Alipaswa kulijua hapa kwenye picha, ambapo akikosea hakuna kinachoungua. Ukimfanyia mwenzako kazi yake, hujamsaidia. Nami nilikosa, niliiamini mashine bila kumpima mwenyewe. Yaliyobaki tumwache ajifunze, hata kama itachukua mwaka."