Uzi wa Kona

Asubuhi hiyo uzi ulikuwa umetoka tena.

Anjelina aliuona kabla hata hajafungua dirisha. Uzi mmoja mweupe, mfupi kama kucha, ulikuwa unachungulia kwenye kona ya ukanda wa shanga aliouacha mezani ukiwa umekamilika. Jana aliuficha kwa sindano. Juzi pia aliuficha. Na Anjelina hakuwa mtu wa kuficha uzi ukafichuka. Pale mtaani Miyuji ukiuliza fundi wa kumalizia kazi za shanga, ulikuwa unaelekezwa kwake, na anayekuelekeza anajisifu utadhani ndiye aliyemzaa.

Maana kufuma shanga si kufuma tu. Unatanda nyuzi kwenye fremu ya mbao, zinyooke, zikaze, mpaka ukizigusa zinalia. Huo ndio mtande. Halafu unapitisha shanga safu kwa safu mpaka ua litokee. Hapo mjinga anapiga makofi, anadhani kazi imeisha. Bado, baba. Ukishaushusha ukanda kutoka kwenye fremu, nyuzi za mtande zinabaki zinaning'inia huku na huku kama ndevu za beberu, na kila uzi lazima urudishwe kwa sindano ndani ya shanga, upite njia yake, ujifunge, upotee. Ukikosea mmoja tu, ipo siku ukanda utaachia mbele za watu, shanga zimwagike sakafuni na mwenye kiuno abaki ameshika hewa.

Aliyekuwa anafuma ni Ruthu, dada wa Elieza, mume wa Anjelina. Ruthu anafuma, wifi yake anamalizia, ndivyo walivyokula miaka yote. Maua ya Ruthu hayakufanana na maua ya mtu yeyote. Ukiyatazama sana yalikuwa kama yanakutazama. Ukimuuliza kajifunza wapi, anasema Bahi, kwa bibi yake, basi, anafunga mdomo. Alikuwa na sharti moja. Katika kila kazi, uzi mmoja wa kona uachwe nje. Siku ya kuvaa, mwenye kuvaa aukate mwenyewe kwa meno, auteme nje ya mlango. Watu wa vijijini hawakuuliza kitu. Wa mjini, wale wa wizarani wenye vitambulisho shingoni, walikuwa wanasema mbona kazi haijaisha, na Anjelina alikuwa anaona aibu mpaka masikio yanawaka moto.

Sasa Ruthu kaenda Bahi kuvuna mpunga. Kwenye fremu kaacha ukanda aliomfumia Erica, binti wa Anjelina, wa kuvaa siku ya sendofu yake, sherehe ya kuagwa kabla ya ndoa. Zawadi ya shangazi. Umeshafumwa, bado kushushwa. Aliomba asubiriwe. Anjelina hakusubiri. Aliushusha, akaumalizia, na ule uzi wa kona akauficha kuliko nyuzi zote. Majirani walipokuja kuushangaa na kuuliza nani kaufuma, akasema, "Mimi." Neno lilitoka laini, halikujikwaa popote.

Kwa hiyo asubuhi hiyo hakushika sindano. Alichukua kiberiti cha gesi, akauwasha ule uzi.

Nailoni ikiungua inanuka plastiki, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Huu ulinuka nywele. Halafu ukanuka nyama. Na ndani ya chumba ambamo alikuwa peke yake, mtu alivuta pumzi kwa meno, ssss, kama anayechomwa akiwa amekatazwa kulia.

Watu wa pwani wanajidai sana na majini yao. Jini la pwani lina mambo ya kibwanyenye, linangoja usiku, linataka udi na marashi. La huku kwetu limezaliwa kwenye tope la Bahi, halina habari na giza. Ni kama mtumishi wa serikali: anaingia asubuhi, anafanya kazi jua likiwa utosini.

Siku hiyo hiyo, saa ya joto lile ambalo hata mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme, fremu ililia. Tng. Anjelina alikuwa jikoni anachambua mlenda. Akadhani ni redio ya jirani. Tng, tng, kama mtu anayekaza zeze kabla ya kupiga. Alipoingia chumbani, fremu ilikuwa imeegemea ukuta, mbao tupu, haina uzi hata mmoja, na ilikuwa inalia.

Akampigia Ruthu simu. Hakumwambia kilichotokea. Alizunguka, akauliza mpunga, akauliza mvua, akauliza miguu ya shangazi yao, mwishowe akauliza kama vile anatania, ule uzi wa kona una maana gani hasa. Upande wa pili kelele za wavunaji zikasogea mbali. Ilionekana Ruthu anatoka shambani aende pembeni.

"Wifi, umeugusa?"

"Niuguse nikiwa na kichaa? Ukanda uko kwenye fremu kama ulivyouacha."

"Kama umeugusa, sema sasa hivi. Nitakuja leo leo. Sitakusema kwa mtu."

Anjelina akacheka kidogo, akasema hajaugusa. Ruthu akasema haya, na simu ikakatika.

Siku ya sendofu ilipofika, sherehe ilianza alasiri kwenye ukumbi wa jirani, mapambo ya zambarau, viti vimevishwa kama maharusi. Erica aliingia akicheza, ukanda umemkaa kiunoni, watu wakaacha kutafuna. Bwana Optatus, mshereheshaji, mtu wa maneno mengi na suti ya kubana, akataka kujua fundi ni nani asimame apigiwe makofi. Ruthu hakuwepo. Anjelina akasimama. Angeweza kuinua mkono tu na kukaa. Lakini alipewa kipaza sauti, na kipaza sauti ni pombe.

"Ni kazi ya mikono yangu," akasema. "Uzi wa kwanza mpaka wa mwisho, wote wangu."

Spika za ukumbi zikalia tng.

Erica akanyooka mgongo kama mtu aliyeguswa na barafu. Alitembea mpaka kwa mama yake akiwa bado anatabasamu kwa ajili ya kamera, akamwinamia sikioni.

"Mama, kuna mtu ananihesabu mbavu."

Wakamtoa kwa mlango wa nyuma, wakasema joto limemzidi. Nyumbani walipomlaza na kufunua gauni, Anjelina aliona nyuzi zote alizozificha kwa mikono yake mwenyewe zimetoka ndani ya shanga, hazikuning'inia nje kama nyuzi za kawaida, zilikuwa zimegeuka kuelekea ndani, zimeingia kwenye ngozi ya mwanawe nadhifu kabisa, kila moja kwenye kitundu chake kidogo kisichotoa damu, zinapita chini ya ngozi kama mishipa, zinarudi, zinazunguka ubavu, zinajifunga, zinapotea, kwa ufundi ule ule ambao mji mzima ulikuwa unamsifia yeye. Alileta mkasi. Alipokata uzi wa kwanza Erica alitapika damu, na uzi ukajiunga wenyewe ukakaza zaidi kuliko mwanzo. Ukanda ulikuwa unabana taratibu, kwa safu, kama mtu anayekaza mtande na hana haraka yoyote.

Kulipokucha Elieza alimleta kwa bodaboda mzee Yoramu, mganga wa kijiji cha Zuzu, anayejulikana mpaka Manyoni kwa kutoa vitu vilivyoshindwa na wengine. Mzee alifika na maneno yake. Akasalimu kwa Kigogo, "mbukwa", kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, akaomba soda baridi kwanza, akasema jini la kumshinda yeye mama yake hajabeba mimba. Akaingia chumbani na chupa mkononi. Alipouona ukanda, aliiweka ile soda chini polepole, akavua kofia.

Akauliza kwa upole kinachotakiwa. Erica akafumbua mdomo. Midomo haikutikisika, ila sauti ilitoka, ya chini, yenye maji maji, kama mtu anaongea akiwa amezama hadi kidevuni.

"Nilikuwa na mlango. Nani ameuchoma?"

Mzee Yoramu alirudi kinyumenyume mpaka uani. Hili lina mwenyewe, akamwambia Elieza, mpigieni mwenyewe. Soda hakuimalizia, na bodaboda iliyomleta ndiyo iliyomrudisha.

Elieza akampigia dada yake. Ruthu alifika na basi la asubuhi hiyo hiyo, miguu bado ina tope la jaruba la mpunga. Hakukimbia. Alinawa, akamtazama Erica mlangoni, akamwita "mwanangu" na kumwambia avumilie kidogo, kisha akaketi sebuleni akaomba chai. Akainywa yote. Anjelina alikuwa amepiga magoti sakafuni, amemshika miguu, tope linamchafua gauni la sherehe ambalo hakuwa amelivua.

"Nilikuuliza kwenye simu, wifi."

"Niliogopa."

"Hukuogopa. Ulitaka sifa."

Ndipo akamweleza, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya dawa. Yule jini alikuwa wa bibi yake, na wa bibi wa bibi yake. Anafuma kwa mikono ya mwenye kumrithi, na kazi ikiisha anakaa humo humo kwenye shanga mpaka siku ya kuvaliwa; uzi ukikatwa kwa meno na kutemwa nje, anatoka, anarudi zake kwenye maji ya Bahi. Anjelina alimfungia ndani. Akamchoma. Halafu akasimama mbele za watu akatangaza kwamba nyuzi zote ni zake. Naye amesikia. Sasa anataka kutoka kwa uzi wa mwenye kazi, uzi wa shanga haumtoshi tena.

"Uzi gani ninao mimi?" Anjelina akauliza.

Ruthu akaushika mkono wake wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, akabonyeza pale chini ya kifundo ambapo mishipa inacheza ukikunja vidole.

"Hizi hapa."

Chumbani Erica alitoa mlio mfupi. Ubavu ulikuwa umevunjika. Anjelina hakungoja mwingine. Akanyoosha mikono yote miwili.

Elieza alibaki nje ya mlango, na alichokisikia hajamsimulia mtu isipokuwa akiwa amelewa. Ruthu aliwakalisha mama na binti ubavu kwa ubavu, akachukua sindano ya shanga, ile nyembamba ambayo Anjelina aliitumia kumalizia, akaitia kwenye kifundo cha mkono wa wifi yake, akaizungusha kama anayetafuta kitu chini ya mfuko, akainua uzi mweupe wenye unyevu, akavuta. Kidole kidogo kikajikunja, kikalala kiganjani, hakikuinuka tena. Akaupitisha ule uzi kwenye kona iliyoungua ya ukanda. Akarudi kuchukua wa pili. Kila uzi ulioingia kwenye ukanda, uzi mmoja ulichomoka kwenye mbavu za Erica, na kitu kilikuwa kinapita kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, kinasukuma, unakiona kinavimba chini ya ngozi ya mkono wa Anjelina kama chura ndani ya soksi, kinapanda kiwikoni, kinapanda begani, kinatulia kifuani. Anjelina alikuwa ametiwa kanga mdomoni. Mkono mmoja ulipoisha, Ruthu alihamia wa pili.

"Usitetemeke, wifi," alikuwa anamwambia. "Si wewe unayesema kazi nzuri haitaki haraka?"

Ukanda ukaanguka. Shanga hazikumwagika hata moja.

Kisha Ruthu akamalizia. Alizirudisha zile nyuzi moja moja ndani ya vifundo vya mikono, akazifunga, akazipoteza, safi kabisa, hata daktari aliyempiga picha baadaye hakuona pa kuanzia. Isipokuwa uzi mmoja. Pembeni ya kifundo cha kushoto aliuacha nje, urefu wa kucha.

Anjelina akauliza kama na yeye akiuma na kutema, kitatoka.

"Kitatoka," Ruthu akasema, huku anakunja ukanda anautia mfukoni. "Ila kitatoka na kilichoshikilia."

Kinashikilia nini, hakumwambia. Hakukuwa na haja. Saa ya joto ilipofika, ile sauti ya zeze ililia tena, tng, tng, na safari hii haikutoka kwenye fremu. Ilitoka kifuani mwa Anjelina, katikati ya pigo la moyo na pigo.

Erica alipona, akaolewa, akahamia mbali. Kiunoni ana alama za shanga kuzunguka mwili mzima, na mama yake akimpigia simu anapokea mumewe. Ruthu yuko Bahi, anafuma peke yake, nani anamalizia kazi zake, anajua mwenyewe.

Anjelina bado anakaa kibarazani pale Miyuji. Vidole vyake vimefumba, ngumi mbili zisizofunguka, Elieza anamlisha kwa kijiko. Anavaa mikono mirefu hata jua likiwa linapasua mawe. Ukimsalimu anakupa kifundo cha mkono, kama anavyofanya mtu mwenye mikono iliyolowa, na anakupa wa kulia tu, wa kushoto kaukalia.

Juzi alikuja dada mmoja, Joha, mgeni mjini, kahamishiwa wizara fulani, kasikia sifa za zamani na hakusikia nyingine. Akasema shikamoo. Alikuwa binti mwenye adabu, mchangamfu, wa kusaidia watu. Alitaka hereni za shanga. Anjelina akajisahau, muda mrefu hajatembelewa na mteja. Akatoa mikono yote miwili kumwonyesha kwa ngumi zake jinsi fremu inavyokaa, na shati likapanda kidogo.

"Samahani, mama," Joha akasema, akainama na kutabasamu, vidole vyake viwili vikiwa tayari vimeushika, kama ambavyo mtu yeyote mwema angefanya. "Una uzi hapa. Ngoja nikutolee."